Usiniguse, Nina Udhu

Babu yangu alikuwa mtu wa kutia udhu mapema. Jua bado liko juu ya paa la jirani, yeye keshatoka bafuni, mikono kainyanyua kidogo, maji yanamchuruzika viwikoni, anakatiza uani kwenda kuvaa kanzu. Bibi, akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi, huvuta miguu yake ndani kama anayepisha gari ya ng'ombe. Babu akitaka taulo, bibi hulishika pembe moja, babu akalivuta kwa pembe ya pili. Kikombe cha maji hakikupita mkono kwa mkono nyumbani kwetu. Kiliwekwa juu ya kigoda, mmoja aondoe mkono, ndipo mwengine aweke wake. Na siku bibi akijisahau akamkaribia, babu husema bila ya ukali wowote, "Mama watoto, usiniguse, nina udhu."

Sisi wajukuu tuliijua sheria ile bila ya kufundishwa. Mimi niliweza kumrukia bibi mgongoni akiwa na udhu wake na asihitaji kutia mwengine, maana mimi ni maharimu wake, yaani jamaa asiyeweza kuoana naye. Babu hakuweza. Nikiwa na miaka saba hivi nikamwendea bibi nikamwambia nimeshajua sababu: babu ana najisi. Alicheka mpaka machicha yakamwagika.

Ng'ambo ya uchochoro walikaa Wahindi wa Kisunni, wenye duka la vitambaa. Mzee wa pale akishatawadha, mkewe humkabidhi kofia mkononi, akamtengenezea na ukosi wa shati, naye huyoo anaingia msikitini. Nikamuuliza babu mbona yule anaguswa. "Wale Hanafi," akanijibu, akaendelea kufunga vifungo. Kwake yeye maelezo yalikuwa yamekwisha.

Kwangu mimi yalichukua miaka minane mengine. Nilikuja kujua kwamba kati ya ua wetu na duka lile palikuwa na kitenzi kimoja cha Kiarabu, na kwamba watu walikuwa wakibishana juu ya kitenzi hicho kabla Imamu Shafi, tunayemfuata sisi, na Imamu Abu Hanifa, wanayemfuata wao, hawajazaliwa.

Nilikipata kwenye darsa ya Ramadhani. Aliyekulia pwani anaijua hali ya msikiti baina ya alasiri na magharibi mwezi ule: wazee wameegemea nguzo, vijana wamelala kifudifudi pembezoni wakidai wanasikiliza, harufu ya mbaazi za nazi inaingia kwa madirishani na kila mtu anajifanya haisikii. Mbele amekaa sheikh, kitabu kiko juu ya marufaa, na ubavuni mwake kijana msomaji. Kitabu ni Jalalayn, tafsiri ya Qur'ani kwa Kiarabu. Msomaji anasoma Kiarabu kipande kidogo, sheikh anasema "simama hapo," kisha anakitoa kwa Kiswahili. Kijana akikosea irabu moja hurudishwa, mara nyengine na mzee aliyeko nyuma kabisa ambaye tulidhani amelala.

Ukitaka kukielewa kitabu kile, mfikirie mtu anayemwongoza mwenzake gizani: hapa ngazi, hapa tope, inama kidogo. Kila neno la aya linafuatiwa na neno moja au mawili ya kulieleza. Hakuna hotuba ndani yake. Ndiyo maana kinafaa kwa darsa, kwa sababu sheikh ndiye anayeujaza ule uwazi, na masheikh hawajazi sawa. Nimekaa mbele ya watatu tofauti kwenye kitabu hichohicho na nikatoka kila mara nimesikia kitabu kingine.

Mwaka ule tulikuwa Suratu Nisaa, aya ya 43. Aya inawataja wanaoruhusiwa kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo, wakikosa maji: mgonjwa, msafiri, aliyetoka chooni, na aliyefanya lile jambo ambalo Qur'ani inalisema kwa neno *lāmastum*, kuhusu wanawake. Msomaji akausoma mstari wa Jalalayn, sheikh akaufasiri polepole. Kuna kisomo kingine kisicho na alifu, ile herufi inayovuta "a", na vyote viwili maana yake ni kugusa, yaani kupapasa kwa mkono. Ndivyo alivyosema Ibn Umar, na ndiyo kauli aliyoishika Shafi. Ngozi iliyobaki ya mwili imepewa hukumu ya mkono. Na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba muradi wake ni jimai, yaani tendo la ndoa.

Mstari ukaishia hapo. Msomaji alikuwa keshafungua mdomo kwenda mbele. Mimi nilibaki palepale. Ibn Abbas, binamu yake Mtume? Kwa hiyo yule mzee wa duka la vitambaa ana mtu mzito namna hii upande wake, na tena yumo ndani ya kitabu chetu sisi Mashafi, mstari mmoja na Imamu wetu? Nikamtafuta babu kwa macho. Alikuwa kwenye nguzo yake, tasbihi inatembea vidoleni, uso hauna habari. Alikuwa keshausikia mstari ule Ramadhani nyingi kabla mimi sijazaliwa. Alijua. Alijua siku zote, na taulo bado lilishikwa pembe kwa pembe.

Sheikh, kabla ya kumruhusu msomaji kuendelea, akaongeza la kwake. "Sisi tumeshika kauli ya Imamu wetu na hatuiachi. Lakini ukimwona mtu kamshika mkewe mkono kisha kaja kusimama safuni, usimwambie huna swala. Utamwambia nani? Utamwambia Ibn Abbas?" Watu wakacheka, na wale vijana wa pembezoni wakaamka kuuliza kumetokea nini.

Baadaye, nilipoweza kujisomea mwenyewe, nilikwenda kuitafuta asili ya kauli ile, nikakuta kisa kinachonifurahisha hadi leo. Kimo katika tafsiri ya Tabari. Said bin Jubeir, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alikuwa kwenye mazungumzo ambamo watu waligawanyika juu ya neno hili. Mawali, yaani Waislamu wasiokuwa Waarabu kwa nasaba, walisema si jimai. Waarabu wakasema ni jimai. Said, ambaye mwenyewe alikuwa katika mawali, akaenda kwa mwalimu wake kuuliza. Ibn Abbas hakujibu swali kwanza. Alimuuliza yeye alikuwa upande gani. Akasema, wa mawali. Akaambiwa basi mawali wameshindwa: kugusa kwa aina zake zote zinazotajwa katika Qur'ani ni jimai, ila Mwenyezi Mungu analisitiri jambo kwa neno jengine.

Kwa lugha yetu tungesema ni tasfida. Kinachonivutia ni kwamba mgawanyiko wenyewe ulikuwa wa masikio. Waliolelewa ndani ya Kiarabu waliisikia tasfida. Waliojifunza Kiarabu ukubwani walilisikia neno kama lilivyo kwenye kamusi. Mtu yeyote aliyewahi kumsikia mgeni akifasiri "amekwenda haja" neno kwa neno ataelewa mara moja Ibn Abbas alikuwa akisema nini.

Lakini hoja haikufungwa, na hapa usije ukadhani upande wa pili ulikuwa wa wageni tu wasioijua lugha. Ibn Umar alikuwa Mkureshi. Ibn Mas'ud, mmoja wa wasomi wakubwa wa Qur'ani katika masahaba, naye alisema kugusa kunakotajwa ni kile kisichofika jimai, na busu limo ndani yake. Na ni huyuhuyu Ibn Mas'ud anayepokewa kuwa alimsifu Ibn Abbas kwa kumwita tarjumani bora wa Qur'ani. Alimpa cheo hicho mtu ambaye hakukubaliana naye kwenye neno moja linalomhusu kila mwenye ndoa mara tano kwa siku.

Halafu kuna ile alifu. Katika wasomaji saba mashuhuri, Hamza na Kisai wanasoma *lamastum*, bila ya kuvuta. Wengine wanasoma *lāmastum*. Kiswahili kinaionyesha tofauti hii vizuri kuliko lugha nyingi: bila alifu ni kugusa, na alifu ni kugusana. Kwa hiyo waliosema jimai wakashika kule kufanyiana, na waliosema ngozi wakashika kisomo kifupi. Cha kuchekesha ni kwamba Hamza na Kisai wote ni wasomaji wa Kufa, mji uleule wa Abu Hanifa, na kisomo chao ndicho kinachowasaidia wapinzani wake.

Tabari mwenyewe, aliyezaliwa Amol mwaka 839 na kufariki Baghdad mwaka 923, alifanya alivyozoea kufanya. Alizikusanya kauli zote na minyororo ya waliozipokea, moja baada ya nyengine, hata zile zilizorudiwa kwa tofauti ya herufi. Inasimuliwa kuwa aliwauliza wanafunzi wake kama wana hamu ya tafsiri ya karatasi 30,000, wakamwambia umri utakwisha kabla ya kitabu, akawapunguzia mpaka 3,000. Hata hizo 3,000 katika chapa za leo zinajaza majalada zaidi ya ishirini. Anayeifungua kwa mara ya kwanza huchoka upesi, maana anatafuta jibu naye anapewa ukumbi mzima wa watu wanaosema. Ila ukivumilia, Tabari mwishoni hutoa rai yake. Katika aya hii, ingawa aliwahi kuwa katika madhehebu ya Shafi kabla ya kushika njia yake, alichagua jimai.

Hoja yake ilikuwa hadithi ya Bibi Aisha. Alisimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alimbusu mmoja wa wake zake kisha akatoka kwenda kuswali bila ya kutia udhu upya. Urwa, mtoto wa dada yake, akamwambia ni nani huyo kama si wewe? Akacheka. Wataalamu wa hadithi wameichambua sanad, yaani mnyororo wa wapokezi, ya riwaya hiyo, na Tirmidhi amenukuu kwamba Bukhari aliidhoofisha, ndiyo maana Mashafi hawakuihesabu kuwa imewavunja. Ninajua hayo yote, na bado ninapoifikiria aya hii sikii kwanza sauti ya Tabari wala ya Shafi. Nasikia kile kicheko.

Nimetaja Jalalayn kama kwamba ni kitabu cha mtu mmoja. Jina lenyewe linasema "Majalali wawili," nao walikuwa wawili kweli, wa Misri. Jalaluddin al-Mahalli alianza na nusu ya pili, kuanzia Suratul Kahf hadi mwisho, akarudi kufasiri Fatiha, na mauti yakamkuta mwaka 1459. Mwanafunzi wake Jalaluddin as-Suyuti akaichukua nusu iliyobaki, Baqara mpaka Israa, akaimaliza kwa siku arubaini, akiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Nikiwa na umri huo mimi nilikuwa nikitafuta kazi na siipati. Kwa kuwa Suyuti aliuiga mtindo wa mwalimu wake bila ya kujitutumua, wengi wanasoma kitabu chote na hawajui pa kuungia.

Kuna kisa cha mwanachuoni mmoja wa Yemen aliyezihesabu herufi za Qur'ani na herufi za tafsiri ile, akakuta zinalingana mpaka Suratul Muzzammil, na kuanzia Muddaththir tafsiri ikazidi. Alitoa hukumu hapohapo: madhali maneno ya tafsiri ni mengi zaidi, kitabu kinaweza kubebwa bila ya udhu. Huyo mtu wa Yemen ninampenda sana. Sijui alikuwa na subira ya namna gani, ila kila nikimwona mwanachuo anatoka chuoni na Jalalayn kaipachika kwapani anakwenda kununua urojo, namkumbuka.

Kitabu hicho nacho kina mipaka yake, na sheikh wetu hakuificha. Tulipofika Suratul Ghashia, aya ya 20, inayosema namna ardhi ilivyotandazwa, Mahalli ameandika kuwa dhahiri ya aya ni kwamba ardhi ni bapa, na ndivyo wasemavyo wanazuoni wa sharia, si tufe kama wasemavyo watu wa falaki. Msomaji akasoma. Pakawa kimya. Kila mtu pale alikuwa amekwenda skuli. Sheikh akasema, "Hii ni rai ya Mahalli, Mungu amrehemu, na wala si aya." Akaendelea kutueleza kuwa Fakhruddin ar-Razi, aliyefariki mwaka 1210, karibu miaka 250 kabla ya Mahalli, keshaijibu hoja hii: tufe likiwa kubwa mno, kila kipande chake huonekana kama uwanda. Kisha akamwambia msomaji, "Haya, endelea." Hakukitupa kitabu na hakumcheka mwenye kitabu. Kesho yake alikifungua tena palepale tulipoachia.

Kuna aya inayoizungumzia kazi hii yote, Aali Imran aya ya 7, ile inayosema kwamba katika Kitabu zimo aya zilizo wazi na zimo zenye kufanana, yaani ambazo maana yake si dhahiri. Ndani yake mna pahala ambapo tulipokuwa chuoni maalim alitugongea bakora kwenye mkeka ili tusimame: hapana ajuaye taawili yake ila Mwenyezi Mungu. Simama. Kisha anza: na waliobobea katika elimu wanasema, tumeiamini. Usiposimama, ukaunganisha, maana inakuwa hapana ajuaye ila Mwenyezi Mungu na waliobobea katika elimu. Pumzi moja tu, na wanazuoni wanaingia au wanatoka. Tabari na Jalalayn wamesimama. Zamakhshari, yule bingwa wa balagha aliyefariki mwaka 1144, aliona kuunganisha ndiko bora. Na kwa Ibn Abbas, kama ilivyo ada, zimepokewa zote mbili, na katika moja wapo anasema yeye ni miongoni mwa wanaojua. Bakora ya maalim haikutuambia lolote katika hayo. Ilituambia tusimame, na mpaka leo pumzi yangu hukatika pale yenyewe.

Sasa turudi kwenye lugha yetu, maana hapa ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Katika Kiswahili tunasema "tafsiri" kwa vitu viwili. Karani anayegeuza cheti cha kuzaliwa kutoka Kiingereza kuwa Kiswahili anafanya tafsiri, na sheikh aliyekaa nguzoni na Tabari anafanya tafsiri. Waarabu wana *tarjama* kwa la kwanza na *tafsir* kwa la pili. Sisi tunalo neno tarjuma, ila limebaki zaidi midomoni mwa watu wa vyuoni. Kwa hiyo mtu akinunua msahafu wenye Kiswahili pembeni anasema, na hasemi uongo kwa lugha yake, "nimesoma tafsiri."

Historia ya maandishi hayo ya pembeni ina vumbi lake. Tarjuma kamili ya kwanza ya Kiswahili iliyochapishwa, ya mwaka 1923, haikuwa ya Mwislamu. Ilikuwa ya Godfrey Dale, mmisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliyefanya kazi Zanzibar, naye aliiita *tafsiri*, akatia na maelezo yake. Masheikh hawakufurahi, na walikuwa na sababu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mtu aliyeanzisha gazeti la *Sahifa* mwaka 1930 na *Al-Islah* mwaka 1932, na ambaye alikuwa akifuatilia fikra za wanamageuzi Muhammad Abduh na Rashid Rida kutoka Misri, alianza kazi ya kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili lakini akafariki mwaka 1947 hajaimaliza. Mwaka 1953 Maahmadia wakatoa yao Nairobi. Ndipo Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Unguja, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akaleta *Qurani Takatifu*, iliyochapishwa kamili mwaka 1969. Ukisoma maelezo yake chini ya kurasa utaona anawajibu waliomtangulia, mara kwa mara kwa makali. Baada yake alikuja Ali Muhsin al-Barwani, waziri katika serikali iliyopinduliwa Zanzibar Januari 1964, aliyekaa jela za Bara miaka kama kumi. Tarjuma yake ilitoka mwaka 1995.

Kila mmoja wao alipofika Nisaa 43 alikutana na kitenzi kile. Mfasiri wa pembeni hana nafasi ya kuweka mstari wa Suyuti wenye Ibn Umar huku na Ibn Abbas kule. Ana neno moja. Na hapa Kiswahili, kwa bahati au kwa hekima ya waliokisema, kinamwokoa, kwa sababu tunalo "kugusa." Ukisema amemgusa mkono, ni ngozi kwa ngozi. Ukisema binti yule hajaguswa, hakuna anayefikiria mkono. Bibi Maryam alipoletewa bishara ya mtoto aliuliza itakuwaje naye hajaguswa na mwanaadamu, na hakuna msomaji wa Kiswahili, hata mtoto, anayedhani kwamba hakuwahi kupeana mkono na mtu. Kitenzi kinabeba vyote viwili, kama cha Kiarabu. Nyumba yetu na duka la vitambaa wote wanaingia ndani ya "mmewagusa wanawake."

Ila lazima usikie. Mwaka juzi katika kundi la simu la ukoo wetu kijana mmoja alituma picha ya ukurasa wenye tarjuma ya aya hii, neno "mmewagusa" kalizungushia wekundu, akaandika kuwa aya iko wazi na wanaogusana na wake zao kisha wakaswali wanaikataa Qur'ani. Haikupita saa, mwengine akajibu kwa hadithi ya busu, akaandika kuwa hadithi iko wazi na wanaotia udhu upya wamezua. Wote wawili wanaswali msikiti mmoja. Niliandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika fupi, nikalifuta. Kilichonikera hakikuwa kauli zao, maana kila mmoja alikuwa na masahaba nyuma yake. Ni lile neno "wazi." Tabari alihitaji kurasa kadhaa kwenye jambo hili, na baada ya kurasa hizo hakusema wazi. Alisema ipi katika kauli mbili iliyo karibu zaidi na usawa. Hatimaye nikatuma picha ya mstari wa Jalalayn bila ya neno. Mmoja akajibu kwa kidole gumba. Sijui ni wa upande gani.

Wala pwani hatukuchagua Ushafi kwa kusoma Tabari. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu keshakuwa Mashafi, kwa njia ya bahari, ya Yemen na Hadhramaut, pamoja na mambo mengine yaliyokuja kwa jahazi. Babu alizaliwa ndani yake kama alivyozaliwa ndani ya Kiswahili.

Miaka ya mwisho kiharusi kilimpooza babu upande wa kulia. Nikiwepo nyumbani nilikuwa ninamtawadhisha mimi: namshikia birika, namsugua mkono usiofanya kazi, namnyanyua, namkalisha juu ya mkeka. Nikiwa kazini alikuwepo bibi peke yake. Adhuhuri na alasiri zikawa shida. Akimtia udhu kisha akimshika kumsogeza, udhu wake umetenguka. Wakianza upya, inakuwa vilevile. Siku moja nilirudi nikawakuta wote wawili wamekaa sakafuni, maji yametapakaa, wamechoka, alasiri imebakisha dakika chache.

Nikamwita sheikh wa darsa, naye keshakuwa mzee wa mkongojo. Akaja, akakaa kitandani pembeni ya babu, akamwambia kwa sauti ya chini kuwa dini ina nafasi, kwamba kwa hali kama hii anaweza kumfuata Imamu Abu Hanifa katika suala la kugusa, na kauli ile inatoka kwa Ibn Abbas, hakuna wa kumlaumu. Babu akatikisa kichwa kukubali. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa taabu wakati ule.

Bibi alikuwa mlangoni. Sheikh akamgeukia akasema, "Bibi, na wewe hii unaijua. Si ulipokwenda hija mliambiwa hivihivi kwenye tawafu?"

"Tuliambiwa," bibi akasema. "Na nilikubali. Makka watu hawana pa kukanyaga, sheikh wangu. Hapa nyumbani nina kanga."

Akavuta moja kwenye kamba, akajizungusha mkono wa kwanza mpaka kiwikoni, kisha wa pili, akauma pindo kwa meno akalikaza. Akamwendea babu, akamtia mikono kwapani, akamnyanyua.